Namna ya Kumtembeza Mgeni Mji wa Kale Usio na Jiwe Hata Moja

Ukienda Athens na fedha zako mkononi, hutapata shida ya kuonyeshwa mji. Dereva atakufuata hotelini asubuhi, atakupandisha Acropolis kabla jua halijawa kali, atakuonyesha hekalu la Parthenon lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, atakushusha kwenye soko la kale, atakupitisha kwenye uwanja wa marumaru uliotumika kwa Olimpiki ya 1896, kisha atakuacha mtaa wa Plaka mbele ya sahani ya nyama ya kondoo. Ni safari ya nusu siku, ya gari lako peke yako, na unarudi na picha za kutosha ukoo mzima. Matembezi ya namna hiyo ni mazuri. Nataka tu na sisi wa wilaya ya Ngara, mpakani na Rwanda, tuwe na yetu.

Maana Ngara nayo ina mji wa kale. Ulizaliwa kwa usiku na mchana mmoja mwishoni mwa Aprili 1994, ukafa Desemba 1996. Katika wiki zake za kwanza waandishi wa habari waliuita mji wa pili kwa ukubwa Tanzania, baada ya Dar es Salaam. Ulikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda. Jina lake Benaco, nalo lilitokana na kampuni ya ujenzi ya Kiitalia iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa kutengeneza barabara. Kuna watakaosema kwamba miaka thelathini na kitu haitoshi kuitwa kale. Na waje wanionyeshe ukuta mmoja, nguzo moja, ngazi moja ya mji ule. Parthenon imesimama miaka 2,400 na zaidi, na Benaco haikuacha hata msingi. Kwangu mimi mji uliotoweka kiasi hicho ni wa kale, hata kama waliokaa ndani yake bado wako hai na wengine hawajafikisha miaka hamsini.

Mwongozo huu ni wa mwenyeji aliyepata mgeni, na wa mgeni asiye na mwenyeji.

Safari ianzie Bukiriro. Najua Benaco iko kando ya barabara kuu na mabasi hupita hapohapo, na hiyo ndiyo sababu usianzie pale. Wengi waliokuja kuandika habari za 1994 waliiona Ngara kama ukingo wa lami: malori, mahema, vumbi na mpaka. Mgeni wako na aione kwanza Ngara ya vijijini, vilima vyenye migomba hadi juu, kahawa iliyoanikwa, maharage yanayopigwa uani, watoto wanaopanda kutoka mtoni na madumu kichwani. Kata kama Bukiriro ndizo zilizokuwa wenyeji wa mji ule. Mji wa watu laki kadhaa hauwezi kuishi kwa mahindi ya msaada peke yake. Ulikula ndizi za wakulima wa wilaya hii, ulipikia kuni za misitu yake, ulitoa vibarua waliolima mashamba yake, na uliwapa vijana wake kazi za ulinzi, udereva na ukalimani ambazo hawakuwahi kuziota. Asiyejua vijiji hivi hataelewa mji ule ulisimama juu ya mabega ya nani.

Hapo Bukiriro mfundishe mgeni mambo mawili kabla hajapanda pikipiki. La kwanza ni salamu. Mzee hasalimiwi kwa kuinuliwa mkono kutoka barabarani. Unashuka, unamwendea, unasema shikamoo, unasubiri marahaba, unaulizwa habari za ulikotoka na unajibu kwa kirefu. Mgeni akikosa subira ya salamu atakosa na masimulizi, kwa sababu hapa masimulizi hutoka ndani ya salamu. La pili ni lugha. Wahangaza na Washubi wa wilaya hii wanazungumza lugha zilizo karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Wakimbizi walipofika hawakuhitaji mkalimani wa kuomba maji. Walieleweka, na kueleweka huko kulifungua milango mingi usiku ule. Wenyeji nao walielewa kila walichosikia wageni wao wakisema wao kwa wao.

Sasa mtafute mwongoza njia. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika safari hii, nami nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Athens unaweza kukodi mwongozaji aliyezaliwa juzi na akakufaa, kwa kuwa mawe yapo na vitabu vipo. Kwa Benaco, mwongoza njia ndiye mji wenyewe. Chagua mtu aliyekuwa na umri wa akili mwaka 1994: mama aliyeuza ndizi kambini, mzee aliyekuwa mgambo, muuguzi mstaafu, dereva wa lori la maji. Ukimpata kijana wa miaka 25 anayekueleza kila kitu bila kusita, msikilize kwa heshima, muulize nani alimsimulia, kisha mwombe akupeleke kwa huyo. Na usimwahidi mzee soda. Siku nzima ya kumbukumbu zake ni kazi, tena kazi nzito kuliko kulima, nayo ina ujira. Mpatane kabla ya kuondoka, mbele ya mtu wa nyumbani kwake.

Kituo cha kwanza ni Rusumo. Mgeni wa mji wa kale hupitia langoni, na lango la Benaco lilikuwa daraja. Hapa Mto Kagera, ukishapokea maji ya Ruvubu kutoka Burundi, unabanwa na miamba na kuporomoka kwa kishindo kati ya Tanzania na Rwanda. Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa Vita vya Maji Maji, alivukia hapa kuingia Rwanda. Miaka mia moja baadaye, karibu kwa wiki ileile, watu walivuka kutoka upande wa pili.

Mweleze mgeni kwa utaratibu, usiruke. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyokuwa ikiwarudisha marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka kwenye mkutano Dar es Salaam ilitunguliwa juu ya Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika komuni (wilaya ndogo ya kiutawala) ya Rusumo, ng'ambo ya mto huu, maelfu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye waliuawa katikati ya mwezi huo. Majeshi ya RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, yalipokuwa yakishuka kuelekea mpakani, umati mkubwa wa Wahutu wa mkoa wa Kibungo uliondoka na kulielekea daraja. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili walivuka watu wapatao 250,000 katika muda wa takriban saa 24. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa haraka namna hiyo. Upande wa Tanzania walinyang'anywa silaha, na mapanga yakarundikwa kando ya barabara hadi yakawa kichuguu.

Wakati huohuo mto ulikuwa ukipitisha maiti. Zilishuka kwenye maporomoko haya, zikafuata Kagera hadi Ziwa Victoria, na upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliziopoa na kuzizika kwa maelfu. Makaburi yapo Kasensero, Lambu na Ggolo, na Wanyarwanda huenda kuyazuru hadi leo. Mgeni wako lazima ayashike haya mawili kwa pamoja akiwa amesimama hapa: juu ya daraja walipita walio hai, chini yake walipita waliouawa, na miongoni mwa waliopita juu walikuwemo waliowaua waliopita chini, pamoja na wengi zaidi ambao hawakuua mtu na walibeba watoto mgongoni. Akitaka kulichukua moja na kuliacha jingine, mrudishe Bukiriro, hajawa tayari kwa vituo vingine.

Lango lenyewe limebadilika. Daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani lilikamilika mwaka 2014, na Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ambako msafiri anamalizana na nchi mbili chini ya paa moja. Maporomoko nayo yanazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mweleze mgeni hayo kwa fahari. Simu aiache mfukoni mpaka askari aliye zamu aruhusu picha, kwa sababu hapa ni mpakani na amri ni amri.

Kutoka Rusumo mnarudi kwa barabara ileile waliyoipita wao. Mwambie bodaboda apunguze mwendo. Kwa miguu, na watoto, na wazee, na magodoro kichwani, njia hii ilikuwa ya masaa mengi. Ndani ya gari utaimaliza kabla mwongoza njia hajamaliza sentensi yake, na sentensi hiyo ndiyo uliyoifuata.

Mkifika Benaco ya leo, mgeni atashangaa. Ataona kituo cha malori yaendayo Kigali na Bujumbura, nyumba za kulala wageni, mabanda ya nyama choma na chipsi, madereva wa Kitanzania na wa Kinyarwanda wakinywa chai meza moja. Hiyo ni Benaco iliyozaliwa upya, na wanaoishi pale wana haki ya kuishi bila kuulizwa kila siku habari za wafu. Kuleni, lipeni, kisha mwongoza njia awapeleke vilimani. Mteremko utakaoonyeshwa utakuwa mteremko tu. Hapo ndipo mgeni aliyezoea mawe huanza kuangalia saa. Mkalishe chini.

Mweleze kwamba mji ule ulikuwa na mitaa, na mitaa ile ilifuata komuni za Rwanda. Watu walipangwa kama walivyokuwa wakikaa nyumbani, chini ya viongozi walewale, na mwanzoni chakula cha mgao kilipitia mikononi mwa viongozi hao. Ilikuwa njia ya haraka ya kuwalisha watu 250,000, na mashirika yalikuwa na bahati ya kuwa tayari wilayani: Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, mamia ya maelfu ya Warundi walikuwa wamekimbilia Tanzania, wengi wao Ngara, kwa hiyo maghala, magari na wafanyakazi walikuwapo. Lakini njia hiyo ya haraka iliwarudishia madaraka watu waliokuwa wamepanga mauaji. Mkuu wa komuni aliyekuwa ameamuru wananchi wake waue sasa alikuwa na orodha ya wanaokula.

Usimfiche mgeni majina, kwa sababu mahakama haikuyaficha. Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Murambi, alikuwa hapa Benaco. Juni 1994 ilipojaribiwa kumwondoa kambini, maelfu ya watu walijitokeza kwa hasira na wafanyakazi wa misaada wakahatarisha maisha yao. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo aliyeongoza mauaji ya Nyarubuye, naye alikuwa hapa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, ilimtia hatiani Gacumbitsi mwaka 2004 na kumhukumu kifungo cha miaka 30, na rufaa ya 2006 ikakifanya kuwa cha maisha. Gatete alihukumiwa 2011, na rufaa ya 2012 ikamwachia miaka 40. Mwishoni mwa 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka kambini, likisema haliwezi kuendelea kuwahudumia wauaji waliojificha nyuma ya wagonjwa. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye kuhara hana kosa. Nimeyapima mabishano hayo kwa muda mrefu, na ninaamini waliobaki walifanya sawa, na ninaamini pia kwamba walioondoka walisema ukweli ambao ulipaswa kusemwa kwa sauti.

Hapa pana jambo moja ambalo mgeni asilifanye kabisa: asimuulize mtu yeyote, njiani, sokoni au mezani, kama yeye ni Mhutu au Mtutsi. Swali hilo lilijibiwa kwa mapanga kwenye vizuizi vya barabara ng'ambo ya mto. Katika wilaya hii wapo watu waliokuja mapema miaka ya 1960, Watutsi waliokimbia Rwanda na kupewa makazi Muyenzi, wakawa raia, wakazaa, wakazeeka. Ndugu wa baadhi yao waliuawa 1994, kisha wao wakashuhudia umati wa waliotoka ng'ambo ukipiga kambi jirani na mashamba yao. Huyo ukikutana naye, sikiliza anachotaka kukuambia, na asipotaka, zungumzeni mvua.

Sasa mpe mgeni soko, maana kila mji wa kale una soko lake na mwongozaji wa Athens hawezi kumaliza siku bila kukupitisha agora. Soko la Benaco liliota lenyewe. Kulikuwa na wachinjaji, vinyozi, mafundi cherehani, wauza pombe, migahawa yenye viti vya mbao za masanduku ya msaada. Mahindi na mafuta ya mgao yalitoka kambini kwenda vijijini. Ndizi, viazi na pombe ya ndizi vilitoka vijijini kwenda kambini. Wafanyabiashara walikuja kutoka Mwanza, Bukoba na Kahama. Kuna wenyeji waliopata mtaji wao wa kwanza pale, wakaezeka bati, wakasomesha. Kuna wengine ambao walifyekewa migomba na kuibiwa mbuzi, na hawakulipwa na mtu. Mwombe mwongoza njia akutajie bei ya mkungu wa ndizi kabla na baada ya Aprili 1994. Kila mama aliyekuwa akiuza anaikumbuka, na katika jibu hilo utapata uchumi wa mji mzima.

Miti ndiyo alama ninayoiona mimi kuwa kubwa kuliko soko. Kila familia ilipika kila siku, na kila chungu kilihitaji kuni. Misitu ya karibu ilipokwisha, wanawake na watoto walitembea mbali zaidi, mwezi hadi mwezi, na duara lililokatwa likapanuka. Maji nayo yalikuwa vita: bwawa dogo la jirani lilinywewa na watu ambao halikuchimbwa kwa ajili yao, na malori na mabomba yakalazimika kufidia. Ndiyo maana zilifunguliwa kambi nyingine, Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo, na katika wilaya ya Ngara wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji. Tafakari sentensi hiyo. Mwenyeji akawa mchache nyumbani kwake, na bado alikuwa mwenyeji.

Mgeni akiwa bado anaitamani Athens, mpe Athens hapohapo mteremkoni, kwa sababu ina habari inayomfaa. Mwaka 431 KK vita na Sparta vilipoanza, kiongozi wa Athens, Perikle, aliwashauri watu wa mashambani wa Attika waache vijiji vyao na kuingia ndani ya kuta za mji. Walikuja na wake, watoto na hata mbao za nyumba zao. Hapakuwa na mahali pa kuwaweka. Mwanahistoria Thukidide, aliyekuwapo na kuugua mwenyewe, anaeleza jinsi walivyojibana kwenye viwanja vitupu, mahekaluni, na kwenye vibanda vya joto la kukaba kati ya kuta ndefu za kwenda bandarini. Mwaka uliofuata tauni iliwapata, ikaua labda robo ya watu au zaidi, na mwaka 429 KK ikamchukua Perikle. Hekalu kule juu kilimani lilikuwa jipya, marumaru yake inang'aa, na chini yake palikuwa na kambi ya wakimbizi. Kaburi la pamoja la wakati huo lilifukuliwa eneo la Kerameikos katika ujenzi wa reli ya chini ya ardhi mwaka 1994 na 1995, yaani miezi ileile ambayo Benaco ilikuwa hai. Miongoni mwa mifupa lilikuwamo fuvu la msichana wa miaka kama 11. Wataalamu waliutengeneza upya uso wake na kumpa jina Myrtis. Watalii wanaopanda kulitazama hekalu ni mamilioni. Wanaomtafuta Myrtis ni wachache. Mgeni wako, akirudi Ulaya, na amtafute.

Benaco nayo ina sura zake, na unaweza kuziona bila kuchimba. Mbrazili Sebastião Salgado alipiga picha hapa 1994, nyeusi na nyeupe, moshi wa asubuhi ukifunika umati usiokuwa na mwisho. Zipo vitabuni na kwenye intaneti. Ziweke kwenye simu kabla ya safari, uzifungue ukiwa umesimama mteremkoni, na mwache mwongoza njia aonyeshe kwa kidole: hapa palikuwa hivi, kule palikuwa na foleni ya maji. Nimeona wazee wakishika simu ile kwa mikono miwili. Usiwaharakishe.

Kufa kwa mji kusimuliwe mwisho, mkiwa mmeelekea barabarani. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Mzigo ulikuwa umezidi nguvu za nchi, na dunia iliyokuwa imeahidi msaada ilikuwa imeanza kuchoka. Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza pamoja kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Walikuwa karibu nusu milioni katika mkoa wa Kagera. Tarehe 12 hivi waliondoka kweli, lakini kuelekea mashariki, ndani ya Tanzania, wakihofia kisasi ng'ambo ya mto au wakisukumwa na viongozi wao. Askari waliwazuia misituni na kuwageuza. Katikati ya mwezi barabara ya Rusumo ilijaa tena, safari hii kwa kuelekea upande mwingine, na mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba watu walirudishwa kwa nguvu.

Nalisema hili nikiwa mtu ninayejivunia kwamba Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyopokea wakimbizi: Desemba ile haikuwa siku yetu njema. Najua sababu zake, nazo zilikuwa nzito. Mgeni aambiwe sababu, aambiwe pia habari za askari. Tukimwonyesha ukarimu wa Aprili peke yake tutakuwa tumempa nusu ya mji.

Mgeni ambaye bado moyo wake unataka ukuta wa kugusa, mpeleke Biharamulo kesho yake, kwa njia ya Lusahunga. Kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, kuta nene, na kitanda cha kulala humohumo. Jirani kuna hifadhi ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Atafurahi. Ni siku nzuri ya kupumzisha kichwa baada ya Benaco, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ninalotaka kusema zaidi ni kwa Halmashauri ya Wilaya ya Ngara, kwa walimu wa historia na kwa wenye vyombo vya habari. Mtu aliyekuwa na miaka 30 alipoona umati ule ukishuka sasa amevuka sitini. Hawa ndio nguzo za mji wetu wa kale, nao hawatasimama miaka 2,400. Waandikeni. Wapeni mafunzo na vitambulisho vya uongozaji, watalii wapo, Wanyarwanda wenyewe wanakuja kutafuta walikozaliwa, maana watoto wengi walizaliwa kwenye mteremko ule. Hukumu za Arusha zimehifadhiwa vizuri na zinasomeka na yeyote. Masimulizi ya mama wa Bukiriro aliyempa mgeni maji hayamo ndani yake, kwa kuwa mahakama haikuwa na sababu ya kumwita. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao, na kazi ya namna hii inaifaa kuliko studio yoyote ya Dar es Salaam.

Wakati halmashauri ikijipanga, wewe mwenye mgeni una simu. Mwongoza njia akiridhia, rekodi sauti yake, taja mwanzoni tarehe, kijiji na jina analotaka aitwe. Asiporidhia, izime mbele ya macho yake. Nakala aipate siku hiyohiyo, kwenye simu ya mjukuu wake kama yake ni ya tochi, na mkubaliane nani mwingine ana ruhusa ya kuisikiliza. Ujira wake mkabidhi mkononi, yeye mwenyewe, kabla hamjaagana, na nauli ya kumrudisha hadi mlangoni iwe juu yako.